Namna ya Kuandaa Sinia la Tambuu kwa Ajili ya Wageni

Bibi yangu mzaa mama, ambaye alizaliwa na kuzikwa Unguja, alikuwa na kijaluba cha shaba ambacho hakikuwa mbali na mkono wake tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala. Ndani yake mlikuwa na majani ya tambuu yaliyofungwa katika kitambaa kilicholowa, vipande vya popoo, katu, kikopo cha chokaa, tumbaku, na punje chache za karafuu. Mgeni akishaitikiwa hodi na kupewa pa kukaa, kijaluba kilifunguliwa mbele yake kabla hata hajaulizwa kilichomleta, na jani la kwanza lilikuwa lake. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana ambao kila msimu wa harusi unapokaribia huniuliza jinsi ya kuandaa sinia la tambuu kama la wazee. Utaratibu wa zamani nitaueleza wote bila kuficha, lakini naomba ieleweke tangu sasa kwamba sinia ninalopendekeza liandaliwe leo halina popoo, wala chokaa, wala tumbaku, na sababu zake nitazitoa mahali pake.

Tuanze na majina, kwa sababu wengi huchanganya na kudhani kwamba vyote hivi ni zao la mti mmoja. Tambuu ni jani la mtambuu, mmea utambaao wa jamii moja na pilipili manga, wenye majani ya umbo la moyo yanayong'aa. Popoo ni kokwa ya mpopoo, mti mrefu mwembamba wa jamii ya minazi, ambao huonekana katika mashamba ya Unguja, Pemba na sehemu nyingine za pwani. Mchanganyiko mzima, yaani jani pamoja na vyote vinavyotiwa ndani yake, uliitwa uraibu, na aliyeuzoea akaitwa mraibu. Leo neno hilohilo tunalitumia kwa mazoea yoyote yanayomshika mtu asiweze kuyaacha, yakiwemo ya dawa za kulevya na ya pombe. Naona si bure kwamba Kiswahili kililichukua jina la jambo zito kama hilo kutoka katika kijaluba cha tambuu, kwani wenyewe walijua tangu zamani jinsi mchanganyiko ule unavyomfunga mtu.

Ada yenyewe ni kongwe kuliko majengo mengi tunayoyaonyesha watalii. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331, mjumbe wa sultani alimjia na sahani ya majani ya tambuu na popoo, akampa yeye majani kumi pamoja na popoo kidogo, akampa kadhi kiasi hichohicho, na kilichobaki wakagawiwa wenzake na wanafunzi wa kadhi. Kisha yakafuata marashi ya waridi kutoka Dameski. Msomaji atazame kwa makini jinsi mambo yalivyopangwa. Majani yalihesabiwa, mgeni alitangulizwa, mwenye elimu akalinganishwa naye, na wadogo hawakusahauliwa. Heshima ilikuwa katika mkono unaotoa na katika mpangilio wa kutoa, na hilo ndilo ninalotaka libaki mikononi mwetu hata tukibadilisha kinachotiwa ndani ya jani.

Kazi ya kwanza ni kuchagua majani, na hapa ndipo sinia huharibikia au kutengemaa. Majani huuzwa yakiwa yamepangwa kwa mafungu katika masoko ya pwani, na muuzaji mwaminifu hakatai ukimwomba akufungulie fungu ulione hadi katikati, kwa maana majani mabovu hufichwa ndani. Jani zuri ni laini bila kulegea, lina rangi moja kuanzia kikonyo hadi ncha, halina madoa meusi wala matundu, na ukilikunja kidogo hutoa harufu kali inayopanda puani. Majani machanga yana rangi ya kijani kibichi iliyofifia na ukali wake ni mdogo. Yaliyokomaa ni meusi zaidi, mazito, na huchoma ulimi. Kwa wageni wa rika mbalimbali chagua ya katikati. Hesabu jani moja na nusu kwa kila mgeni, ili wageni arubaini wapate majani sitini, kwa kuwa yapo yatakayochanika wakati wa kukunja na wapo watakaotaka la pili.

Ukishafika nyumbani, osha jani mojamoja kwa maji safi yanayotiririka, pande zote mbili, kwa sababu jani hili huliwa bichi na hakuna moto utakaoliponya uchafu. Yakung'ute maji, uyafute kwa kitambaa safi cha pamba, kisha uyapange moja juu ya jingine, vikonyo vikielekea upande mmoja, na uyafunge katika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Yakae mahali pa baridi na kivuli. Usiyaweke karibu na sehemu ya friji inayogandisha, kwani baridi kali huyafanya yawe meusi na malegevu kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Yakitunzwa hivi, na kitambaa kikiloweshwa upya kila siku, hukaa siku kadhaa bila kupoteza ladha. Hata hivyo mimi huyanunua siku moja tu kabla ya shughuli.

Sasa nieleze uraibu wa zamani ulivyotengenezwa, ili anayesimuliwa na wazee aelewe kinachosemwa. Popoo iliyokomaa ina ganda la nyuzinyuzi ambalo huwa la rangi ya chungwa ikiiva, na ndani yake mna kokwa ngumu ya kahawia ambayo ukiipasua huonyesha mistari myeupe na myekundu iliyopindana kama mawimbi. Ilikatwa kwa mkasi wake maalumu, wenye makali upande mmoja tu, kwa sababu kisu huteleza na kumjeruhi mkataji. Nakumbuka sauti ya mkasi ule kuliko nikumbukavyo sura ya chumba: kishindo kidogo kikavu, kisha vipande vyembamba kama kucha vikidondoka juu ya kitambaa mapajani mwa bibi. Katu ilikuwa utomvu mkavu wa kahawia unaopatikana kwa kuchemsha mti wa mkatu, na ililetwa kutoka Bara Hindi.

Chokaa ndiyo iliyohitaji ujuzi. Ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuruni, kisha ikazimwa kwa maji, ambapo huchemka na kutoa mvuke kwa ukali unaoweza kuunguza ngozi na macho, ikachujwa kwa kitambaa na kuachwa siku nyingi hadi itulie na kuwa laini kama siagi. Katika jani ilipakwa kwa ncha ya kidole, tabaka jembamba ambalo rangi ya kijani bado ilionekana chini yake, na aliyepaka kwa pupa alijutia ulimi uliobabuka. Wapo wanaonunua chokaa ya kupaka kuta na kuitia katika tambuu. Hili ni jambo la hatari kabisa, kwa sababu chokaa ya ujenzi huweza kuwa imechanganywa na gundi, rangi au saruji, na haikutengenezwa iingie kinywani mwa mtu.

Kazi ya chokaa hiyo haikuwa ladha. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ambayo huchangamsha mwili, huleta joto na jasho, na kumfanya asiyezoea apatwe na kizunguzungu. Chokaa huisaidia kemikali hiyo kupenya haraka kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu. Rangi nyekundu ya mate nayo hutokana na popoo inapokutana na chokaa, wala si ya jani kama wengi wanavyodhani. Kutokana na hayo, mtu akishaiondoa popoo, chokaa hubaki haina kazi ya kufanya, na ndiyo maana katika sinia langu viwili hivyo hutoka pamoja, na tumbaku hufuatana navyo.

Sababu ya kuviondoa ni saratani. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulitangaza mwaka 1985 kwamba uraibu wenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walijifariji kwamba tatizo ni tumbaku peke yake na kwamba popoo haina neno. Faraja hiyo iliondoka mwaka 2004, wakala huo ulipochapisha tathmini mpya iliyoonyesha kwamba uraibu usio na tumbaku nao husababisha saratani ya kinywa, na popoo yenyewe ikawekwa katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi wake dhidi ya binadamu umetosha. Mbali na saratani, popoo husababisha ugonjwa ambao hufanya ngozi ya ndani ya mashavu ikakamae, ipauke na kupoteza ulaini wake, hadi mgonjwa asiweze kufungua kinywa sawasawa. Na ukakamavu huo haurudi nyuma hata akiacha. Wanawake wajawazito wanaotumia popoo wako katika hatari ya kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Sikuandika haya ili kuwalaumu waliotutangulia, ambao walitoa kilicho bora walichokijua. Lakini sisi tunaojua, tukimwekea mgeni popoo katika sinia na kumwambia karibu, tutakuwa tumemkaribisha kwa jambo ambalo hatungemtakia mtoto wetu.

Basi sinia letu litajazwa na nini? Kwa majani sitini tayarisha nazi moja ndogo iliyokunwa, uikaange kwa moto mdogo bila mafuta hadi ikauke na kuanza kunukia, kisha uiache ipoe kabisa. Changanya na vijiko viwili vya chakula vya shamari iliyokaangwa kidogo, punje za maganda ishirini ya iliki zilizopondwa muda huohuo, na tende laini kama kumi zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa vidogo sana. Ukipata petali za waridi zilizopikwa kwa sukari, kama wanavyozipika jirani zetu wenye asili ya Kihindi kwa ajili ya paani tamu, ongeza vijiko vinne na upunguze tende. Mchanganyiko uwe mkavu kiasi cha kushikana unapoubana kwa vidole. Ukiwa na majimaji jani litalegea kabla halijafika kwa mgeni. Usinunue vile vipakiti vidogo vyenye rangi za kung'aa vinavyouzwa madukani kwa jina la kionjo cha tambuu bila kusoma kilichomo, kwani vingi ni popoo iliyotiwa sukari na manukato, na inasikitisha kwamba watoto huvinunua kama peremende.

Kukunja ni kazi ya saa mbili za mwisho kabla ya shughuli, na ni vizuri ifanywe na watu wawili au watatu walioketi pamoja. Kata kikonyo, kisha kwa ncha ya kisu paruza taratibu mshipa mnene wa katikati upande wa nyuma ili jani likubali kukunjika bila kupasuka. Lilaze jani huku upande unaong'aa ukitazama chini, kwa sababu huo ndio utakaoonekana nje. Lizungushe vidoleni kama unavyozungusha karatasi ya kufungia karanga, ncha ikiwa chini na mdomo ukiwa juu, utie kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko, usijaze hadi ukingoni. Kunja mdomo kwa ndani, upande mmoja baada ya mwingine, na utoboe tabaka zote kwa karafuu moja nzima, kichwa chake kikibaki nje kama kifungo. Karafuu ikiwa kavu sana huvunjika wakati wa kutoboa. Iloweke katika maji kwa dakika chache na haitakusumbua. Tambuu ya mwanzo itafunguka, na ya pili pia, lakini ikifika ya kumi vidole vitakuwa vimejifunza.

Panga tambuu zako juu ya sinia la shaba lililosuguliwa kwa ndimu na majivu, zikizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na katikati uache nafasi ya asumini au kikuba kidogo. Funika kwa kitambaa chepesi kilicholowa hadi wakati wa kutoa. Sinia hutolewa baada ya chakula na baada ya wageni kunawa mikono, likifuatana na mrashi na chetezo cha udi, na anayelibeba huanza kwa mkubwa wa umri aliyepo, si kwa mwenye cheo wala kwa aliye karibu na mlango. Hulishika kwa mikono miwili, huinama kidogo, na husubiri mgeni achague mwenyewe. Karibu na wageni pawekwe bakuli dogo lenye kifuniko kwa ajili ya anayetaka kuitoa karafuu au kutema, ingawa tambuu ya namna hii humezwa kama chakula kingine na haiachi mate mekundu sakafuni.

Kuhusu wazee waliozoea uraibu wenyewe, ushauri wangu ni kuwaambia ukweli mapema na kwa adabu. Katika harusi moja niliyoandaa, mama mmoja wa makamo ya bibi yangu alilishika jani, akalinusa, akaniuliza, "Mwanangu, mbona popoo siioni?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi. Popoo tumeiacha kwa ajili ya afya zenu, lakini jani ni la leo na iliki ni ya shambani." Aliniitikia marahaba, akalitafuna polepole, na baadaye akaomba jingine la kumpelekea mumewe. Si kila mmoja atapokea hivyo, na atakayefungua kijaluba chake mwenyewe asiaibishwe mbele za watu.

Kwa mraibu wa siku nyingi nyumbani kwako, mambo hayaishi kwa sinia la siku moja. Arekolini hushika, na anayeacha ghafla huweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuwa mwepesi wa hasira kwa siku kadhaa, kwa hiyo avumiliwe na asidhihakiwe. Wengi hufaulu kwa kuanza kuondoa tumbaku, kisha kupunguza idadi ya tambuu za siku, huku wakitia iliki au shamari kinywani kila hamu inapowajia. Asilale na uraibu shavuni, kwani huo ndio muda mrefu zaidi ambao ngozi ya kinywa hukaa ikiunguzwa bila kupumzika. Kupunguza si kinga kamili, na kinga ni kuacha. Mtazameni kinywani mara kwa mara mahali penye mwanga: akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, au akianza kulalamika kwamba chakula chenye pilipili kinamchoma kuliko zamani, apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno bila kusubiri maumivu. Kipo kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani: mwambie asimamishe vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, aviingize kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, au kama mwaka jana viliingia na mwaka huu vinakwama, hiyo ni dalili ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo.

Majani yatakayobaki usiyatupe. Yakate nyembamba uyatie katika achari ya ndimu, au uwagawie wasaidizi waliokaa nawe kukunja. Na ikiwa una kiambaza chenye kivuli nyumbani, omba kipande cha shina la mtambuu chenye vifundo vitatu au vinne kutoka kwa jirani mwenye nao, ukipande katika udongo wenye mboji usiotuamisha maji, vifundo viwili vikiwa chini ya ardhi, na ukisimamishie mti wa kupandia. Umwagilie kila siku kwa kiasi, usiuache ukaungua kwa jua la mchana, na usiuchume kabla haujafika kimo cha kifua. Uchume majani ya chini kwanza, kwa kuyakata kwa kisu kikonyoni, bila kuyavuta, ili shina lisijeruhiwe.